Kuomba kwenda chuo cha nje kama mtafiti mgeni: mwongozo kwa wahadhiri na watafiti wa Dodoma

Kila mwaka maswali ni yaleyale, uwe UDOM, St. John's, Chuo cha Mipango au kwenye vituo vya utafiti vya Makutupora na Hombolo: naanzia wapi, nani analipa, barua naiandikaje, kibali nakiomba lini? Mwongozo huu unafuata mpangilio wa kazi yenyewe. Unamhusu mhadhiri au mtafiti anayetaka kukaa chuo cha nje kuanzia mwezi 1 hadi mwaka 1, afanye utafiti wake, kisha arudi kazini. Kama unatafuta shahada, njia yako ni ya udahili, na hiyo ni habari nyingine kabisa.

Wengi hukwama kwa sababu wanaanza na fomu za chuo. Nafasi hii huanzia kwa mtu mmoja, profesa au mtafiti wa kule anayesema "huyu nitampokea". Ofisi za chuo huja nyuma yake kuandika karatasi. Na mwaliko peke yake hauna fedha ndani yake: mara nyingi mtafiti mgeni hupewa meza, maktaba na intaneti, halafu nauli, chumba na chakula ni juu yake au juu ya mfadhili wake.

Vya kuandaa kabla ya kuanza

- Pasipoti yenye uhai wa angalau miezi 6 baada ya tarehe ya kurudi, na kurasa 2 tupu. Kama huna, ada ni shilingi 150,000 na maombi huanzia kwenye tovuti ya Uhamiaji. Usingoje mwaliko ndipo uanze. Kutafuta cheti cha kuzaliwa cha mzazi pekee kunaweza kula mwezi.
- Majina yanayolingana kwenye pasipoti, kitambulisho cha NIDA na vyeti vyote vya taaluma. Yakague leo, herufi kwa herufi.
- Wasifu wa kitaaluma wa kurasa 2, na mwingine mrefu wenye machapisho yote. Ule wa kurasa 8 wenye semina za mwaka 2011 na namba za simu za wadhamini watano hausomwi.
- Barua pepe ya chuo au taasisi yako, inayofanya kazi. Nyingine hujaa na kurudisha barua bila wewe kujua, kwa hiyo jitumie moja kutoka anwani nyingine uone kama inafika.
- Wadhamini 2 wanaojua kazi yako na wanaojibu barua pepe. Mdhamini mwenye cheo kikubwa asiyejibu ni hasara.
- Nakala za vyeti zilizoskaniwa vizuri, kila kimoja faili lake, na jina la faili linaloeleweka.
- Makala 2 au 3 zako bora katika PDF.

Kuhusu shahada ya uzamivu: ufadhili mwingi wa watafiti wageni huitaka. Kama bado ni mhadhiri msaidizi unayesoma uzamivu, jitambulishe kama mwanafunzi mgeni wa uzamivu. Vyuo vingi vina mlango huo, ila fomu zake ni tofauti, na ukijaza zile za watafiti unarudishwa mwanzo.

Hatua ya 1: Panga muda, ukihesabu kutoka mwisho

Kadiria miezi 9 hadi 12 kutoka barua pepe ya kwanza hadi siku ya kupanda ndege. Chini ya miezi 6 inawezekana pale tu fedha ipo tayari na mwenyeji mnafahamiana.

Angalia kalenda yao kabla ya yetu. Ujerumani muhula wa baridi huanza Oktoba na wa kiangazi Aprili. Marekani mwaka wa masomo huanza Agosti au Septemba. Julai na Agosti maprofesa wengi wa Ulaya wako likizo, na barua utakayotuma wakati huo itazikwa chini ya nyingine 300. Miezi mizuri ya kuandika ni Septemba hadi Novemba, na Februari hadi Aprili.

Hatua ya 2: Tafuta mwenyeji

Fungua orodha ya marejeo ya makala yako ya mwisho. Majina unayoyanukuu mara tatu na zaidi ndiyo ya kuanza nayo. Baada ya hapo tafuta waliochapisha kuhusu nyanda kame za Afrika Mashariki, au juu ya mbinu unayoitaka, ndani ya miaka 5 iliyopita. Anwani ya mwandishi wa mawasiliano huwa ukurasa wa kwanza wa makala. Mwalimu wako wa uzamivu, na Mtanzania mwenzako aliyeko huko, ni njia fupi kuliko zote: sentensi moja yao ya kukutambulisha inazidi kurasa zako kumi.

Andaa orodha ya watu 8 hadi 10. Kwa kila mmoja hakikisha mambo matatu: hajastaafu, bado yuko chuo hicho, na hayuko kwenye likizo yake ya kitaaluma katika miezi unayotaka kwenda. Waandikie watatu kwa mpigo, kila mmoja barua yake. Usiandikie wawili wa idara moja siku moja. Watu hao hukutana kwenye chai.

Zipo pia taasisi zinazopokea wasomi kwa mpango wao wenyewe na kwa ushindani: STIAS ya Stellenbosch Afrika Kusini, Kituo cha Masomo ya Afrika cha Leiden Uholanzi, na Nordic Africa Institute ya Uppsala Uswidi. Hizo soma tangazo lao na ufuate neno kwa neno.

Hatua ya 3: Barua pepe ya kwanza

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo tukae kidogo.

Sisi tumefundishwa barua ya kiofisi: anwani mbili, salamu, "husika na kichwa cha habari hapo juu", kisha unyenyekevu aya nzima kabla ya kusema shida. Kwa katibu tawala ni adabu. Kwa profesa anayesoma kwenye simu akisubiri treni, aya hiyo ndiyo yote atakayoiona. Shida yako iwe kwenye mistari mitatu ya mwanzo, na barua nzima isizidi maneno 200. Utaiandika kwa Kiingereza, lakini umbo lake ni hili:

> Kichwa: Ombi la kukaa kwenu miezi 3, Januari hadi Machi: maji ya ardhini ya Makutupora
>
> Mpendwa Profesa (jina la ukoo),
>
> Mimi ni mhadhiri wa jiolojia, Chuo Kikuu cha Dodoma. Nachambua rekodi za vina vya maji katika visima vya Makutupora vinavyolisha jiji la Dodoma, ambako maji huongezeka hasa baada ya misimu michache ya mvua kubwa mno. Katika makala yenu (itaje) mmetenganisha athari ya mvua na athari ya uchotaji kwa njia ambayo ningependa kuijaribu kwenye data zangu.
>
> Naomba kuja kwenye kundi lenu kwa miezi 3. Nitaomba fedha DAAD, kwa hiyo sikuombi mshahara. Ninachohitaji sasa ni kujua kama uko tayari kunipokea, na kama ndivyo, tuzungumze kwa dakika 20.
>
> Nimeambatisha wasifu na andiko la utafiti, kila kimoja kurasa 2.

Angalia kazi ya kila sentensi. Ya kwanza inasema wewe ni nani na una ajira, maana yake utarudi. Ya pili inaonyesha una kitu ambacho yeye hana: data za Makutupora hazipatikani Berlin. Ya tatu inathibitisha umeisoma kazi yake kweli. Aya inayofuata inamwondolea hofu kubwa kuliko zote, kwamba unamletea mzigo wa fedha, kisha inamwomba kitu kidogo anachoweza kujibu kwa "ndiyo".

Makosa yanayojirudia: kutuma barua moja kwa watu 30 huku anwani zote zikionekana, kuacha jina la profesa mwingine ndani ya barua (hutokea kuliko unavyodhani), kuandika "utafiti wowote utakaonipangia nitafanya", sentensi inayosomwa kama huna utafiti, na kuambatisha faili la MB 15.

Asipojibu ndani ya siku 10 za kazi, mkumbushe mara moja kwa mistari miwili juu ya barua ileile. Akinyamaza tena, nenda kwa anayefuata kwenye orodha.

Akikubali mazungumzo, jihadhari na saa. Saa 15:00 ya Berlin mwezi Januari ni 17:00 hapa, yaani saa 11 jioni yetu. Mwezi Julai saa hiyohiyo ya Berlin inakuwa saa 10 jioni, kwa sababu wenzetu husogeza saa zao na sisi hatusogezi. New York saa 10:00 asubuhi ni saa 12 jioni kwetu Januari, na saa 11 jioni Julai. Andika saa zote mbili kwenye barua ya kuthibitisha. Chaji kompyuta, weka bando kwenye simu kama akiba ya umeme kukatika, na kaa mahali pasipo na mwangwi.

Hatua ya 4: Andiko la kurasa 2

Sehemu zake: swali la utafiti (aya moja), data ulizo nazo tayari, mbinu, kwa nini lazima iwe kwenye kundi hilo na si kwingine, ratiba ya kila mwezi, na kitakachotoka mwishoni. Andika matokeo unayoweza kuyatimiza. Kwa miezi 3, rasimu moja ya makala na mhadhara mmoja vinatosha. Anayeahidi makala nne, kitabu na mkataba wa ushirikiano wa vyuo haaminiki hata kwa ile moja.

Nadharia ifupishe. Mwenyeji anaijua kuliko wewe. Asichokijua ni Hombolo, ni mtama na uwele wa wakulima wa Ugogo, ni mvua ya msimu mmoja inayoanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Hapo ndipo pa kutumia maneno.

Hatua ya 5: Fedha

Fanya bajeti kwanza, mfadhili baadaye. Andika: nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na Dodoma hadi uwanja wa ndege, viza na ada zake, bima, kodi ya chumba kwa mwezi mara idadi ya miezi, amana ya chumba (Ujerumani inaweza kufika kodi ya miezi 3), chakula na usafiri, na ada ya maabara kama kazi yako inahitaji kemikali au mashine. Ada ya maabara ulizia mapema na kwa maandishi. Ndiyo inayowashtua watu wakiwa wameshakata tiketi.

Milango inayojulikana:

- DAAD, shirika la Ujerumani la mabadilishano ya kitaaluma: ina ufadhili wa ziara za utafiti za wanataaluma, mwezi 1 hadi 3.
- Ufadhili wa Georg Forster wa wakfu wa Alexander von Humboldt, Ujerumani: kwa wenye uzamivu kutoka nchi zinazoendelea, kwa muda mrefu zaidi. Mwenyeji lazima awe ameshakubali na aandike tamko lake.
- Fulbright, ufadhili wa serikali ya Marekani, kwa watafiti wa Afrika: miezi 3 hadi 9 Marekani, kupitia ubalozi.
- Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya, kwa wafanyakazi wa vyuo: siku 5 hadi miezi 2, pale tu chuo chako na chuo cha kule vina makubaliano yaliyosainiwa. Ulizia ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako. Mara nyingine nafasi ipo na hakuna aliyeiomba.
- Mradi wenu wenyewe, kama una kasma ya safari.

Ukijilipia mwenyewe, taarifa ya benki ya miezi 3 hadi 6 ionyeshe fedha inayoingia na kutoka kwa kawaida. Milioni 15 zilizoingia juzi kutoka kwa shemeji zitaleta maswali.

Hatua ya 6: Ruhusa ya mwajiri (anza wiki ileile ya hatua ya 5)

Usisubiri ufadhili utoke. Zungumza na mkuu wa idara mapema, kisha barua ipande kwa ngazi: idara, Rasi wa Ndaki au mkuu wa kitivo, hadi uongozi wa juu wa chuo. Mtumishi wa umma anahitaji pia kibali cha kusafiri nje ya nchi. Ofisi ya utumishi ya taasisi yako ndiyo itakayokuelekeza namna ombi linavyopitishwa kwenye mfumo wa e-Vibali. Kuwa na Ikulu na wizara hapahapa mjini hakuharakishi kitu kama kiambatisho kimoja kinakosekana.

Ombi linalopita haraka lina vitu vinne: mwaliko wenye tarehe, uthibitisho wa nani analipa nini, namna safari inavyoinufaisha taasisi, na jina la mwenzako atakayefundisha kozi zako, pamoja na sahihi yake. Hicho cha nne ndicho kinachosahaulika, na ndicho mkuu wa idara anachokitafuta kwanza. Uliza pia, na ujibiwe kwa maandishi, kama mshahara utaendelea na kama unahesabiwa kwenye likizo ya kitaaluma au ruhusa ya kawaida.

Hatua ya 7: Barua ya mwaliko

Mwenyeji akikubali, mpe rasimu ya anachotakiwa kuandika. Hatachukia, atashukuru. Barua iwe kwenye karatasi yenye nembo ya chuo na itaje: jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuanza na kumaliza, utakachofanya, utakachopewa, na nani anagharimia. Ikisema tu "tunamkaribisha", ubalozi utaomba nyingine.

Kwa Marekani, chuo hutoa fomu ya DS-2019, na bila hiyo hakuna viza ya J-1, yaani ile ya wageni wa mabadilishano ya kitaaluma. Chuo kitataka uthibitisho wa fedha na wa Kiingereza chako. Mara nyingi mahojiano ya video yanatosha. Kuna kitu kimoja cha kukagua kwa macho mawili: kundi uliloandikiwa. Short-Term Scholar ni hadi miezi 6 na haiongezwi. Research Scholar ni hadi miaka 5, lakini ukishamaliza, hata kama ulikaa miezi 3 tu, huwezi kurudi kwa kundi hilo kwa miezi 24. Unayekwenda kwa miezi 4 na una matumaini ya kurudi mwakani, omba Short-Term Scholar. Ukilipiwa na serikali ya Marekani au ya Tanzania, angalia pia kama unabanwa na sharti la kurudi na kukaa nyumbani miaka 2 baada ya ziara.

Hatua ya 8: Data na sampuli

Mahojiano yenye majina, simu au hali za kiafya za watu ni taarifa binafsi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ina masharti ya kuzipeleka nje ya nchi, na Tume yake iko hapa Dodoma. Njia nyepesi ni kuondoa majina kabla ya kusafiri na kuacha ufunguo wa utambulisho ofisini. Sampuli za binadamu zinahitaji vibali vya NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na mkataba wa kuhamisha sampuli. Mbegu na mimea zinahitaji cheti cha afya ya mimea kutoka TPHPA (mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu), pamoja na kibali cha kuingiza cha nchi unayokwenda. Udongo nao una masharti yake kule. Mwenyeji ndiye wa kuomba kibali cha kuuingiza. Kuweka kifuko cha udongo wa Kongwa katikati ya nguo ni njia ya haraka ya kukipoteza uwanja wa ndege.

Hatua ya 9: Viza

Balozi na vituo vingi vya viza viko Dar es Salaam. Miadi ikiwa ya asubuhi, shuka jana yake. SGR inafupisha safari, lakini haitakungojea ukichelewa stesheni.

Ulaya ya Schengen: hadi siku 90 ndani ya siku 180 ni viza ya muda mfupi, ada euro 90, bima isiyopungua euro 30,000, na ombi lipelekwe si mapema kuliko miezi 6 na si chini ya siku 15 kabla ya safari. Zaidi ya siku 90 ni viza ya taifa la nchi husika, na hiyo huchukua muda mrefu zaidi.

Uingereza: msomi anaweza kuomba viza ya mgeni ya hadi miezi 12, kwa utafiti wake mwenyewe na si kwa ajira. Ukikaa zaidi ya miezi 6 unahitaji cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Baadhi ya fani za sayansi na uhandisi huhitaji kwanza kibali cha ATAS (ukaguzi wa kiusalama wa serikali ya Uingereza kwa fani nyeti), mwulize mwenyeji.

Marekani: ada ya SEVIS (mfumo wa Marekani wa kufuatilia wanafunzi na wageni wa kitaaluma) kwa J-1 ni dola 220 na ya ombi la viza dola 185. Kabla ya kulipa hata senti, soma tovuti ya ubalozi uone masharti ya siku hiyo kwa Watanzania, kwa kuwa tangazo moja la Washington hubadilisha kila kitu. Bima ya J-1 iwe na angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, 50,000 za kurudishwa nyumbani ukiwa mgonjwa, na 25,000 za kusafirisha mwili. Unaruhusiwa kuingia hadi siku 30 kabla ya tarehe ya kwanza ya DS-2019, si zaidi.

Kadi ya NHIF haitakusaidia kule, kwa hiyo bima usiiruke hata kama hakuna aliyekuuliza.

Yanapokwama

*Mwenyeji amekubali lakini ofisi ya chuo chake iko kimya.* Mwombe mwenyeji jina la mtumishi anayeshughulikia wageni, umwandikie moja kwa moja na kumnakili yeye. Kwa kawaida kuna fomu moja ya idara ambayo profesa hakujua kuwa anatakiwa kuisaini.

*Unaombwa "ada ya usajili" kabla ya barua ya mwaliko.* Kuna vyuo halali vinavyotoza watafiti wageni, lakini ada huwa imeandikwa kwenye tovuti yao na hulipwa kwa akaunti ya chuo. Ombi likitoka kwenye Gmail, au likitaka utume kwa mtu binafsi, achana nalo.

*Pasipoti inasema Rehema Juma Mazengo, cheti kinasema Rehema J. Masengo.* Herufi za kufupisha huvumilika. Herufi tofauti zinahitaji hati ya kiapo iliyoandaliwa na wakili, na pengine hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Peleka tafsiri ya Kiingereza kama hati ni ya Kiswahili.

*Kibali cha safari kimechelewa na tarehe imepita.* Usiondoke bila kibali. Mwombe mwenyeji asogeze tarehe kwa barua mpya. Mwandikie mfadhili siku hiyohiyo. Kusogeza kwa wiki 4 hadi 6 hukubaliwa mara nyingi kama umeomba kabla ya tarehe ya kuanza. Kwa J-1, tarehe za DS-2019 nazo lazima zirekebishwe na chuo.

*Viza imekataliwa.* Soma sababu iliyoandikwa kabla ya kuomba tena. Ikisema hawaamini utarudi, ongeza barua ya mwajiri yenye cheo chako, tarehe ya kuajiriwa, ruhusa uliyopewa na tarehe ya kuripoti kazini. Kupeleka faili lilelile wiki inayofuata ni kulipa ada mara mbili kwa jibu lilelile.

*Ufadhili umekataliwa lakini mwenyeji bado anakutaka.* Mwulize kama anaweza kukupokea kwa mbali kwanza, mfanye uchambuzi pamoja na kutuma makala moja. Raundi inayofuata ombi lako litakuwa na majina mawili juu yake.